Sifuri Anayoisahau Fe'ao

Hihifo, Niuatoputapu
9 Februari 1976

Dada Kalolaine,

Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa dunia. Meli imefika asubuhi na inaondoka kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nakuandikia mbiombio, karatasi iko gotini na nguruwe wa mwalimu mkuu ananinusa miguu. Ukiona doa, si wino.

Nimeyafanya masomo yako yote. Swali la kwanza lilikuwa jepesi mpaka nikajiuliza unanionaje. f(x) = x³ − 12x. Natafuta derivativu, yaani kanuni ya mteremko, napata 3x² − 12. Naiweka sawa na sifuri, maana ukitafuta namba muhimu za fanksheni unatafuta mahali ambapo mteremko umelala. Nakuta 2 na hasi 2. Kwisha habari.

La pili ulinitega. Fanksheni ni kipeuo cha tatu cha x², na mteremko wake ni 2 kugawanya kwa 3∛x. Nikauweka sawa na sifuri, ukakataa. Juu kuna 2, na 2 haitageuka sifuri hata uipigie magoti. Nikaandika: fanksheni hii haina namba muhimu. Kwisha habari nayo pia.

Kwenye kikao cha wanaume cha kunywa kava wananiita Profesa. Mzee mmoja jana aliniuliza kama hesabu zangu zinaweza kumpatia mke. Nikamwambia hizo ni hesabu za darasa la juu zaidi. Wacheke tu. Mtihani ni Novemba, mchungaji ndiye atakayeusimamia hapahapa kijijini. Nikifaulu nakwenda chuo. Nisipofaulu nitazeekea hapa, mwalimu msaidizi, nafundisha watoto kuhesabu kwa vifuu vya nazi.

Umewahi kufikiri, dada, kwamba mimi na wewe tumezungumza zaidi kwa stempu kuliko tulivyozungumza kwa mdomo? Tangu nilipohamishiwa kibanda cha wavulana, kama heshima ya dada na kaka inavyodai, sijakaa nawe chumba kimoja. Nakumbuka ulivyokuwa ukisoma jedwali la kuzidisha kwa sauti kubwa ndani, na mimi niko nje chini ya dirisha, najifanya nalisha kuku. Kuku walinenepa mwaka ule.

Wasalimie Semisi na watoto.

Kaka yako,
Fe'ao


Kolomotu'a, Nuku'alofa
20 Machi 1976

Fe'ao,

Nimeisoma "kwisha habari" yako na nimecheka, kisha nikachukua kalamu nyekundu.

La kwanza sahihi. La pili umekosea, na umekosea kwa kujiamini, jambo ambalo msahihishaji hulichukia kuliko ujinga. Fanksheni ile ina namba muhimu. Ni sifuri.

Nisikilize. Panda kwa mawazo juu ya paa la kanisa la hapo Hihifo. Upande huu unapanda, upande ule unashuka. Ukifika pale juu kabisa pande mbili zinapokutana, mteremko ni upi? Hakuna. Huwezi kusema unapanda, huwezi kusema unashuka, wala huwezi kusema pamelala. Lakini ndipo juu kuliko pote, na fundi akipasahau ndipo patakapovuja. Sasa ligeuze paa hilo juu chini, ndiyo fanksheni yako. Kwenye sifuri mteremko haupo, maana huwezi kugawanya kwa sifuri, lakini fanksheni yenyewe ipo. Kwa hiyo inahesabiwa.

Namba muhimu ni za aina mbili. Kuna zile ambazo mteremko ni sifuri, na zile ambazo mteremko haupo kabisa. Wewe unazipenda za kwanza kwa sababu zinakubali kuandikwa. Hizi nyingine inabidi uzitafute mwenyewe, hazikuiti.

Na usije ukarukia upande wa pili. Ukipewa 1/x, hapo kwenye sifuri mteremko haupo, lakini hata fanksheni haipo. Hapo hakuna paa, kuna hewa. Usiihesabu. Swali la kwanza ni lilelile siku zote: je, paa lipo?

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Bega la kulia linanisumbua kidogo na madaftari ya shule ni mengi.

Mwambie huyo mzee wa kava atafute mke kabla hajaota mizizi.

Dada yako,
Kalolaine


Kolomotu'a
11 Aprili 1976

Shangazi Siutiti,

Heshima zangu kwako na kwa nyumba yako huko Vava'u. Nakuandikia jambo ambalo hapa analijua Semisi peke yake.

Nina uvimbe kwenye titi la kulia. Nilianza kuugusa mwaka jana nikifua, mdogo kama mbegu ya papai, nikaunyamazia. Nilidhani utaondoka kama ulivyokuja. Wiki iliyopita nilikwenda hospitali. Daktari amesema wataukata, lakini umeshafika kwapani, na hakunitazama usoni aliposema hivyo. Mimi ni mwalimu, Shangazi. Najua mtu anapotazama karatasi kwa sababu jibu ni baya.

Ninaogopa. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia Semisi, yeye tayari anaogopa kwa ajili ya wawili.

Naomba jambo moja. Usimwambie Fe'ao. Najua wewe ndiye mkubwa wetu na neno lako hatulipingi, lakini fikiri mwenyewe. Utamwandikia nini? Utamtajia kaka mtu titi la dada yake? Hata ukilizunguka neno, ataelewa, na atakufa kwa aibu kabla sijafa mimi kwa ugonjwa. Na ataacha masomo. Nataka afanye mtihani. Yule mtoto amesimama chini ya madirisha maisha yake yote, safari hii nataka aingie kwa mlango.

Mwanao,
Kalolaine


Leimatu'a, Vava'u
2 Mei 1976

Kalolaine,

Barua yako imenikuta nasuka mkeka, na sijaugusa tangu siku hiyo.

Mwaka mzima unanyamazia uvimbe, wewe uliyesoma. Ungekuwa karibu ningekuchapa. Nakuja na meli ijayo, usiniambie nisije, sikuombi ruhusa.

Habari ya Fe'ao nimeisikia. Nitanyamaza kwa sababu umeniomba, lakini sikubaliani nawe hata kidogo. Heshima kati ya dada na kaka niliijua kabla mama yenu hajawazaa. Marehemu baba yenu, kaka yangu, hakuwahi kukaa penye mkeka wangu. Lakini nilipoumwa mguu alikuja akakaa nje ya nyumba mpaka nilipopona, akipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Hakuuliza nilikuwa naumwa wapi. Alikuja tu.

Mpe kijana nafasi ya kupasua kuni, Kalo.

Shangazi yako,
Siutiti


Hihifo
6 Juni 1976

Dada Kalolaine,

Mwandiko wako umepatwa na nini? Somo la mwisho limeandikwa kama kuku amepita juu yake akitoka kunywa kava. Nilimwonyesha mwalimu mkuu akasema labda ni hesabu za Kichina. Au umeanza kuandika kwa mkono wa kushoto ili kunikomoa?

Habari ya paa nimeielewa, nimepanda hata la kanisa lenyewe. Mchungaji alinikuta kule juu akaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta mteremko. Sasa ananiombea kila Jumapili kwa jina.

Dada, kuna neno. Baharia mmoja wa meli iliyopita alikuwa kwenye kikao chetu. Akasema, "Profesa, dada yako nimemwona hospitali, katoka wodi ya..." nikamkatiza. Nilimkatiza kwa ukali mpaka watu wakageuka. Mbele ya wanaume wote wale, dada yangu atajwe wodi aliyolazwa? Hakuthubutu kuendelea. Lakini nimebaki na nusu ya habari, na nusu hiyo hainipi usingizi. Sikuulizi ulikuwa unaumwa nini. Nasema tu kwamba najua ulikwenda.

Shule tunafunga Agosti. Ninaweza kuja na meli. Nitalala kwa wajomba, sitakusumbua, nitakata nyasi za uwanja na kumsaidia Semisi shambani. Niambie nije au nisije, nitafanya utakavyosema.

Kaka yako,
Fe'ao


Kolomotu'a
18 Julai 1976

Fe'ao,

Ndiyo, ni mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba na hauinuki, lakini huu unajifunza haraka kuliko wanafunzi wangu wengi.

Asante kwa kumnyamazisha baharia. Umefanya kama baba angefanya.

Kuhusu Agosti, usije. Ukipanda meli utakaa wiki mbili unatapika baharini na mwezi mzima unangoja meli ya kurudi, na Novemba itakukuta hujui kitu. Baki, soma. Ukifaulu utakuja mjini kwa heshima zako, tutakuwa na muda.

Nakuachia swali moja la kupima akili. Nitafutie namba zote muhimu za ∛(x²) × (x − 5). Usikimbilie. Nimesema zote.

Na jambo jingine. Kama kuna kitu unataka kuniuliza, Fe'ao, niulize. Chochote. Mimi ni dada yako lakini pia ni mwalimu wako, na mwalimu akiulizwa hanyamazi. Nitakujibu kwa barua, hakuna atakayetuona nyuso. Shangazi Siutiti yuko hapa nami, anakusalimu. Anasuka mkeka mlangoni na kunung'unika.

Dada yako,
Kalolaine


Hihifo
15 Agosti 1976

Dada,

Barua yako imenikuta nimeshafunga mfuko. Nilikuwa nimesimama ufukweni na wanaoondoka, viatu nimevaa, nikaifungua palepale. Nikasoma "usije", nikarudi. Watu wamenicheka, wanasema Profesa amepiga hesabu na bahari ikamshinda. Hapa baharia anangoja barua hii huku akiniangalia kwa jicho baya.

Swali lako nimelifanya juu ya mfuko wenyewe. Mteremko ni 5 mara (x − 2), kugawanya kwa 3∛x. Naweka juu sawa na sifuri, napata 2. Namba muhimu ni 2. Hili lilikuwa zuri, limenitoa jasho.

Umesema niulize chochote. Nimelizungusha jambo hilo kichwani tangu nilipolisoma. Nina swali kweli, nilikuwa nalo kabla hujaniruhusu. Swali lenyewe ni hili: fanksheni ikiwa imefungwa kati ya namba mbili, tuseme kuanzia 0 mpaka 10, zile za mwishoni nazo ni namba muhimu?

Hilo tu. Mengine yote najua utaniambia ukiona inafaa.

Nakutumia mkeka, umesukwa na mke wa mchungaji. Ni laini, mzuri kwa mtu anayepumzika.

Kaka yako anayekuheshimu,
Fe'ao


Kolomotu'a
14 Septemba 1976

Fe'ao,

Mwandiko huu ni wa Shangazi, mimi natamka. Ananiambia niseme polepole, eti namba zangu zina mikia.

Jibu la swali lako: hapana. Za mwishoni unazikagua, kwa sababu kilele kinaweza kuwa huko, lakini hatuziiti namba muhimu. Unazipima mwisho wa kazi. Ni swali zuri.

Lile jingine umelikosea. 2 ni sahihi, lakini nilisema zote. Umesahau sifuri tena. Chini ya mstari kuna ∛x, na x ikiwa sifuri mteremko haupo, na fanksheni ipo. Paa lipo, Fe'ao. Kila mara unashughulika na kilicho juu ya mstari tu. Kabla hujafunga karatasi ya mtihani, rudi uangalie chini.

Mkeka ni laini kama ulivyosema. Nimeulalia sasa hivi.

Kalolaine

Amesinzia. Mimi Siutiti naongeza langu, na yeye hatalijua. Fe'ao, meli itakayokuletea barua hii ipande. Usiulize kwa nini, usiage mtu, achana na mtihani. Panda.


Hihifo
21 Novemba 1976

Shangazi Siutiti,

Nakuandikia nikiwa nimevaa mkeka wa matanga, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayomwandikia mtu tangu msiba ulipotufika.

Mlipotangaza redioni nilikuwa dukani nanunua betri. Ilikuwa mchana, duka limejaa. Msomaji akataja Kalolaine wa Kolomotu'a, mke wa Semisi, akataja na jina langu katika orodha ya wafiwa, kisha akaendelea kusoma bei ya mbata. Watu wakaniachia njia. Nilitoka na betri mkononi, mpaka leo sijui kama nilizilipia.

Meli haikuwepo, Shangazi. Najua mlizika kesho yake, kama inavyopasa. Najua kazi ya kaka mtu ni jikoni, nyuma, penye moshi, asimwone dada yake hata mara ya mwisho. Hiyo kazi nilikuwa naijua na nilikuwa tayari kwayo, na sikuipata. Basi nikavaa mkeka uliochakaa kuliko yote, ule mkubwa unaofika kifuani, nikachimba tanuri nyuma ya shule. Nikachinja nguruwe wangu, nikazika viazi vikuu na magimbi, nikapika kana kwamba nyumba ya msiba iko upande wa pili wa uzio. Kijiji kizima kilikuja kula. Hakuna aliyeniita Profesa. Yule mzee wa kava alikaa nami penye moshi siku nzima, akichochea.

Meli ilikuja siku nyingi baadaye. Ilikuwa na barua ya Septemba. Nimesoma "panda" wakati hakuna tena wa kumfuata.

Mtihani nimeufanya. Mchungaji alitaka kuniandikia barua ya udhuru, nikakataa. Niliingia na mkeka wangu wa matanga, mkubwa mpaka sikuweza kukaa kwenye dawati, nikafanyia sakafuni. Na swali lilikuwepo. Halikuwa lile lake, lakini lilikuwa ndugu yake, lina kipeuo cha tatu chini ya mstari. Nikaandika sifuri kwanza. Kabla sijatafuta kitu kingine chochote nikaandika sifuri, nikapiga mstari chini yake, nikalia juu ya karatasi mpaka wino ukatapakaa na mchungaji akaniletea karatasi nyingine. Nikaandika tena. Nadhani nimefaulu, Shangazi, na sina mtu wa kumwambia.

Sasa nina swali. Alinipa ruhusa niulize na sikuuliza, nikamwuliza namba za mwishoni. Niliogopa kumwaibisha. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana wewe ni shangazi yangu na hakuna usiloweza kunitajia. Dada yangu alikuwa anaumwa nini?

Mtoto wako,
Fe'ao


Kolomotu'a
12 Desemba 1976

Fe'ao mwanangu,

Lilikuwa titi. Titi la kulia, kisha kwapa, kisha mkono, kisha mapafu. Nalitaja kwa jina na mbingu haijaanguka.

Tangu Aprili nilikuwa najua. Alinisihi ninyamaze, nami nikamtii mtu mdogo kwangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sitalifanya tena. Barua yako ya Agosti nilimsomea mimi. Ulipofika mahali pa swali aliniambia nisimame kidogo, akanyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Nikasoma swali lako. Akalaza kichwa tena akasema, "Ni swali zuri, tumjibu." Huyo ndiye dada yako. Usijichape kwa hilo, ninyi wawili mlifanya kama tulivyowafundisha.

Lakini umeniuliza, na mimi nikiulizwa nasema yote, kwa hiyo na hili lijue.

Alikuandikia usije, na alikuandikia kwa moyo wake wote. Siku meli ya Agosti ilipotarajiwa bandarini aliamka kabla ya watu akataka kuvishwa. Semisi akamuuliza anakwenda wapi na hali ile. Akasema anataka kuona meli. Tulimpeleka kwa mkokoteni wa shamba, tumemtandikia blanketi. Akaomba asogezwe nyuma ya ghala, mahali ambapo mtu akishuka hatamwona lakini yeye atamwona. Walishuka watu wa Niuatoputapu, walishuka na nguruwe wao na mikeka yao, akamtazama kila mmoja. Walipokwisha akasema tungoje, huenda kuna aliyebaki ndani. Tukangoja mpaka mabaharia wakaanza kufagia.

Kisha akageuka akaniambia, "Twende nyumbani, Shangazi. Atakuwa anasoma."

Shangazi yako,
Siutiti